Nta ya Krismasi na Pua Ambayo Haijaokoka

Nianze na ukweli: yale mapambo sikuyatengeneza kwa sababu napenda sanaa. Niliyatengeneza ili nisisimame mbele ya watu.

Kanisani kwetu, huku upande wa Ikutha, Krismasi ina sheria moja. Kila kijana lazima atoe kitu. Kutoa kitu si sadaka. Ni kupanda pale mbele na kuimba, au kusema shairi, au kukariri mistari ya Biblia, au kuingia kwenye ule mchezo ambao Yusufu hufungwa leso ya mtu kichwani na Mariamu hashindwi kucheka hata mwaka mmoja. Mwaka juzi mimi nilichukua mistari. Mitano. Nikasema wa kwanza, nikasema wa pili, kisha nikaona watu. Sijui kwa nini sikuwa nimewaona tangu mwanzo, kwa sababu walikuwa hapo wote. Nikarudia wa kwanza. Nikarudia wa kwanza tena. Mwishowe mwalimu wa vijana alianzisha pambio, watu wakapiga makofi, nami nikashuka kama mtu aliyeponywa.

Nina binamu wa rika langu, msichana kama mimi, ambaye Mungu alimpa mdomo wake na wangu pia. Aliniita "Mstari wa Kwanza" mpaka Pasaka.

Kwa hiyo mwaka jana, shule zilipofungwa na mimi nimemaliza fomu mbili, nilimwendea mwalimu wa vijana kabla hajanitafuta. Nilikuwa nimeandika kila kitu kwenye karatasi. Nikampa, nikaangalia viatu vyake.

"Unataka kutoa mapambo badala ya kusema?" akauliza akiisoma.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Mapambo ya nini?"

"Ya nta."

"Nta ya mishumaa?"

"Ya nyuki. Yananukia."

Nilijua anafikiria nini. Mapambo ya kanisa letu ni baluni na karatasi ya choo ya rangi ya waridi iliyosokotwa kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Kila mtu anajua ni karatasi ya choo na hakuna anayesema. Baluni nazo, jua likishika mabati, hupasuka moja moja katikati ya mahubiri, na wazee wa benchi la mbele huruka kila mara kana kwamba ndiyo mara ya kwanza.

"Sawa," akasema. "Lakini tuelewane. Mti ujae. Thelathini. Ikipungua hata moja, unaimba. Peke yako, bila kwaya."

Nilienda nyumbani nikikimbia.

Likizo mimi hukaa kwa Susu na Umau. Ndivyo tunavyowaita nyanya na babu kwa Kikamba. Mama yuko Malili, anauza machungwa na maembe kando ya ile barabara ya Mombasa, na hufika Krismasi ikiwa imebisha hodi. Nilimpigia simu.

"Mama, usitupe maganda ya machungwa."

"Kwani huko chakula kimeisha?"

"Ni ya kunukisha nta."

"Haya. Lakini mwambie Susu yako akupime joto."

Baada ya siku tatu mfuko ukafika na dereva wa lori la mchanga, umejaa maganda, na kipande cha karatasi ndani: "Sijauliza."

Nta haikuwa shida, au nilidhani hivyo. Umau ni mtu wa nyuki. Mizinga yake ya magogo imening'inia kwenye miti mpaka kule kwenye mto mkavu, na asali ikishakamuliwa masega hubaki. Susu ndiye alinifundisha. Unaosha masega, unayafunga ndani ya kitambaa pamoja na jiwe, unatumbukiza kwenye sufuria ya maji, unachemsha polepole. Takataka hubaki ndani ya kitambaa na jiwe, nta hupanda juu. Maji yakipoa unaiinua kama chapati ya manjano. Susu huweka kipande kila mara kwa ajili ya kibuyu chake cha uji, ambacho kina ufa ulioshonwa kwa uzi wa mkonge na kuzibwa kwa nta. Kibuyu hicho kinamzidi mama umri, na pia, ukimsikiliza Susu, kina adabu kumshinda.

Mwanzo nilikosea. Nilitia maganda mabichi kwenye nta ya moto, ikaanza kurukaruka na kutoa povu, nikaruka nayo. Susu alitoka jikoni na mwiko.

"Unapika nini, vita?"

Nta haitaki maji. Nikayaanika maganda juu ya mabati siku mbili mpaka yakawa yanavunjika kama biskuti. Nikaanika na majani ya kivumbasi, yale Susu hutundika ndani ya ghala kufukuza wadudu. Kisha nikayaacha kwenye nta ya moto, sufuria ndogo ndani ya sufuria ya maji, mpaka harufu ikahama. Nikachuja kwa soksi ya shule. Ilikuwa safi, nilikuwa nimeifua mara tatu, lakini kanisani sikuwaambia habari ya soksi na hata leo sijawaambia.

Umau alinichongea kalibu. Alichukua vibao vya mukau, mti uleule anaochongea mizinga, akachimba ndani maumbo kwa kisu: nyota, njiwa na kondoo. Kalibu inalowekwa kwenye maji kwanza ili nta isishike, kisha unamwaga, unaweka kitanzi cha uzi wa mkonge, unangoja. Susu alinisokotea uzi juu ya paja lake akiwa anaongea mambo mengine kabisa, bila kuangalia. Nyota ilitoka vizuri. Njiwa alitoka vizuri. Kondoo alipotoka nilimgeuza huku na huku.

"Umau, huyu si ni ngiri?"

"Ni kondoo."

"Mbona ana uso mrefu hivi?"

"Ni kondoo wa Ikutha," akasema Umau. "Ameona ukame."

Hapo ndipo inabidi nieleze kuhusu Umau, la sivyo yaliyofuata hayataeleweka.

Umau haongei sana. Watu husema haya yangu nilirithi kwake, na nadhani ni kweli, maana tunaweza kukaa pamoja tukichonga na kuchuja asubuhi nzima tukatumia maneno kumi tu. Lakini zamani, kabla sijaingia darasa la nne, Umau alijulikana kwa kitu kimoja: kaluvu, pombe ya asali. Inasemekana walimjua mpaka soko la Kabati, ambako hata si karibu. Halafu akaokoka. Alimwaga pombe yote kwenye mchanga mbele ya mchungaji, akapasua vibuyu vya kupikia, na tangu siku hiyo hajaonja. Sisi wa nyumbani tunajua. Kanisani pia wanajua, lakini wanajua huku wakimchungulia. Umau akipiga chafya, kuna mtu atauliza kama kweli ni mafua. Akichelewa ibadani, kuna mtu atahesabu amepita njia gani.

Basi. Siku nne kabla ya Krismasi nilikuwa na mapambo ishirini na mawili yamepangwa juu ya ungo, na nta ikaisha. Nilikwangua sufuria. Nilikwangua hata meza. Ishirini na mawili.

Umau alikuwa ameenda sokoni na mbuzi. Susu alikuwa kwenye kikundi cha akina mama. Nilikaa nikitazama ule ungo na kusikia kichwani sauti yangu mwenyewe ikiimba peke yake, bila kwaya. Nikaingia stoo. Nyuma ya majembe kulikuwa na gunia, na ndani ya gunia bonge kubwa la nta, nyeusi kama mkate ulioungua. Nilijua nta haiozi. Nikainusa. Ilinukia moshi na vumbi, na kwa mbali utamu fulani. Nikasema ni nta tu, imezeeka.

Ningeweza kungoja jioni nimuulize Umau. Neno moja tu. Lakini sisi watu wa haya tuna ugonjwa huu: hata swali dogo tunalibeba na kulibeba mpaka wakati wake unapita. Sikuuliza. Nikavunja kipande, nikayeyusha, nikatia maganda mara mbili ya kawaida. Yakatoka manane ya rangi ya kahawia iliyokolea hadi kukaribia nyeusi, na sifichi, ndiyo yalikuwa mazuri kuliko yote. Hata ngiri alipendeza.

Thelathini.

Asubuhi ya Krismasi mama alikuwa amefika na alikuwa anapika, akasema atatufuata. Mimi nilitangulia kanisani. Mti wetu ulikuwa tawi la mgunga lililosimamishwa ndani ya mtungi wa maji uliojaa mchanga. Miba yake ilifaa kuliko misumari, unatundika tu. Nikatundika yote, yale meusi nikayatawanya katikati ya manjano. Hewa ilikuwa bado baridi. Watu walipoingia walisimama mlangoni wakavuta pumzi.

"Kwani kuna mtu anamenya machungwa?"

"Ni mti. Nusa mti."

Mwalimu wa vijana alihesabu kwa kidole, akafika thelathini, akaninyooshea dole gumba. Binamu yangu akapita karibu nami akiwa na kinanda kwapani.

"Mstari wa Kwanza, leo umehonga kanisa lote."

Nikakaa benchi la mwisho kabisa, karibu na mlango. Sidhani nimewahi kuwa na Krismasi yenye raha kama ile saa moja na nusu ya kwanza. Wenzangu walipanda wakatetemeka. Mariamu alicheka. Mimi nilikuwa nimeshamaliza.

Halafu jua likapanda juu ya mabati.

Kwanza baluni mbili zikapasuka na wazee wakaruka. Kisha nikaona kondoo mmoja anapiga magoti. Sikujali, hata nilidhani inafaa Krismasi. Lakini nta ikipata joto harufu yake hufunguka. Ilitoka ya machungwa, watu wakatabasamu. Ikafuata ya asali. Ikafuata ya tatu, nzito, tamu na kali kwa pamoja, ambayo mimi sikuijua kwa sababu nilikuwa mtoto ilipokuwa inajulikana. Nilichoona ni vichwa. Mmoja mmoja, vichwa vya watu wazima viliinuka, kama mbuzi waliosikia mahindi yakimwagwa mahali.

Mbele ya Susu aliketi mama mmoja wa kwaya, mtu wa sauti ya kwanza hata akiwa haimbi. Akageuka.

"Hii ni kaluvu."

"Ni nini?" akauliza Susu.

"Kaluvu. Naijua." Na macho yake yakatoka kwa Susu yakavuka ng'ambo, upande wa wanaume, yakatua kwa Umau.

"Umeijulia wapi, mama?"

"Kila mtu anaijua."

"Basi pua yako bado haijaokoka," akasema Susu.

Benchi mbili zikacheka. Lakini macho yalikuwa yameshafuata njia ile, na huku upande wa wanaume mtu akasema, si kwa kunong'ona sana, "Mzee, kumbe umerudi?"

Mchungaji akaacha kuhubiri. "Wapendwa, kuna nini?"

Umau alinusa, nikamwona akinusa. Akachukua kofia yake, akainuka, akatembea hadi kwenye mti. Aligusa nyota moja nyeusi. Aliikwangua kwa ukucha na kuuleta ukucha puani. Kisha akageuza uso polepole, macho yakapita juu ya watu wote mpaka benchi la mwisho, akaniangalia mimi.

Hapo nikaelewa lile gunia. Na nikaelewa kwamba yeye pia ameelewa.

"Mzee," akasema mchungaji, "kuna shida?"

"Hakuna, mchungaji," akasema Umau. Akavaa kofia. "Ni yangu hiyo. Wacha nitoke nje kidogo, muendelee."

Akaanza kuja kuelekea mlangoni. Angesema neno moja tu, "msichana", na kanisa zima lingenigeukia. Alijua lingenigeukia. Ndiyo maana hakusema. Alikuwa anatembea na jina lake lote, miaka yote ile tangu niwe darasa la nne, anaenda kulitupa nje ili mimi nisiangaliwe.

Sikumbuki kuinuka. Nakumbuka nilikuwa nimesimama kwenye njia katikati ya mabenchi na Umau amesimama mbele yangu, hana pa kupita.

"Ni mimi," nikasema.

"Sema kwa sauti," mtu akasema.

"Ni mimi! Si yeye. Ni nta. Ilikuwa kwenye gunia kule stoo, ya zamani, kabla hajaokoka. Yangu iliisha. Nikachukua. Mapambo hayakufika thelathini, yalikuwa ishirini na mawili, hayo manane meusi ndiyo niliyatengeneza nayo, na sikumuuliza. Hajapika kitu. Hajaonja kitu. Mimi hulala hapo nyumbani, ningejua."

Kisha nikaona watu.

Wote walikuwa hapo tena. Nikatafuta neno lingine, halikuwepo. Kwa hiyo nikafanya kile ninachojua.

"Ni mimi," nikarudia. "Ni mimi."

Hapo baluni ikapasuka. Wazee wakaruka. Umau mwenyewe akaruka. Nadhani hiyo baluni ilitumwa, kwa sababu baada yake mtu alicheka, na mwingine, na mzee sana mmoja wa benchi la mbele, ambaye hasikii vizuri na kwa hiyo husema kwa sauti, akauliza, "Yaani nta ya miaka hiyo yote bado inanukia hivi? Aiii, mzee, kumbe ulikuwa unapika!"

Kanisa likaanguka kwa kicheko. Hata mama wa kwaya alijifunika leso. Mchungaji alijaribu kukunja uso, uso ukakataa.

"Lakini mzee," akasema alipoweza, "kwa nini uliweka hiyo nta?"

Umau alivua kofia tena. "Machicha ya pombe niliyachemsha, nikatoa nta. Pombe nilimwaga. Nta sikumwaga, mchungaji. Ni kazi ya nyuki, na nyuki hawakunywa."

"Na wewe, pua yangu unaisemea nini sasa?" mama wa kwaya akamgeukia Susu.

"Naiombea," akasema Susu.

Mchungaji aliamua yale manane yatolewe nje, yasije yakakwaza wanaohangaika kuacha, na alipotaja wanaohangaika kuacha watu watatu waliangalia chini. Susu alinyoosha leso yake, nikaweka ndani ngiri wawili, njiwa watatu na nyota tatu, zikiwa laini kama mikate ya moto. Umau alirudi kuketi. Mtu aliyemwuliza kama amerudi alisogea kumpa nafasi, akasogea tena, mpaka yeye mwenyewe akabaki na robo ya benchi.

Nilikuwa nimeshaanza kurudi kwenye mlango wangu mwalimu wa vijana aliposimama akihesabu mti kwa kidole.

"Ishirini na mbili," akasema. "Na tulielewana vipi?"

Nikaongeza hatua kuelekea mlangoni.

"Mwalimu!" Ilikuwa sauti ya binamu yangu kutoka kwa kinanda, na ni mara ya kwanza nilishukuru kwamba ana midomo miwili. "Huyu ameshatoa. Amesema mbele ya kanisa bila karatasi, na amepita mstari wa kwanza!"

"Halafu akaurudia," mwalimu akasema.

"Aliurudia mwishoni. Mwishoni ni kiitikio."

Mwalimu alifikiri kidogo, au alijifanya anafikiri, kisha akaketi. Binamu akapiga pambio. Mama akaingia wakati huohuo na sufuria ya pilau, akaona watu wanapiga makofi wakiniangalia mimi, akasimama mlangoni na mfuniko mkononi.

"Ameimba?" akauliza.

"Kaa chini," nikamwambia. "Nitakueleza."

Jioni Umau na mimi tulikaa nje tukimenya maembe. Maneno kumi, kama kawaida. Saba kati yake yalikuwa, "Siku nyingine, mwana wakwa, uliza tu kwanza." Nikasema ndiyo. Halafu akaenda stoo, akalitoa lile gunia, akalitundika nje kwenye ukuta wa mbele, mahali ambapo kila mtu anayepita njiani anaweza kuliona na kuuliza. Wengi walipita Desemba ile kuliko kawaida. Aliwajibu wote.

Binamu ananiita "Ni Mimi" siku hizi.

Na yale mapambo manane Susu hakuyatupa. Kibuyu chake kilifungua ufa mpya mwanzoni mwa Januari, akayeyusha ngiri mmoja na njiwa mmoja, akaziba. Wiki hiyohiyo mchungaji akatutembelea. Susu akammiminia uji wa wimbi kutoka kwa kibuyu hicho, na mchungaji akanywa, akatulia, akaangalia ndani ya kikombe, akanyoosha mkono aongezwe.

"Uji wenu una kitu," akasema. "Sijui ni nini."

Susu aliniangalia. Umau aliniangalia.

Mimi, kwa mara ya kwanza tangu Krismasi, nilikuwa na haya sana. Nikaangalia viatu vya mchungaji.